Kiti Kilichopimiwa Mtu Mwingine

Wiki iliyopita nilipita pale karakanani Kambarage, hapa hapa Shinyanga, kuwasalimu ninyi vijana mnaoiendesha sasa. Mkanipa kiti cha plastiki nikae. Nimetengeneza viti humo tangu ndevu zangu nyeusi mpaka zimekuwa hivi mnavyoziona, na siku nakuja kama mgeni napewa cha plastiki chenye ufa mguuni. Nilikaa kwa uangalifu, tukaongea.

Mmoja wenu, yule asiyevua kofia hata akila, akaniuliza, "Babu, viti vya matajiri wa dhahabu umetengeneza wewe. Mbona mwenyewe hukwenda Geita kutafuta?" Nikajibu kwa mzaha kwamba miguu yangu haipatani na mashimo, mkacheka, tukahamia kwenye habari za mpira. Nyumbani lile jibu likanikaa vibaya. Kijana akiuliza swali la kweli akapewa mzaha, amedhulumiwa. Ndiyo maana naandika. Mke wangu anasema mstaafu akishika kalamu ujue amekosa wa kubishana naye, na simkatalii, maana yeye mwenyewe amechoka kubishana nami.

Nianze na Mzee Kibwana, fundi wangu. Alikuwa mtu wa Pangani, akaletwa Shinyanga na kazi ya reli, akaoa hapa, akasahau kurudi. Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata akikutukana. Ulikuwa unashukuru kwanza, tusi unaligundua baadaye. Yeye ndiye aliyenifundisha kumpima mtu kwa ajili ya kiti.

Ninyi leo hampimi. Mteja anawaonyesha picha kwenye simu, mnakata mbao, mnagonga, mnaweka sponji, basi. Siwalaumu, sponji inaficha mengi. Kwa Mzee Kibwana mteja alikaribishwa kwanza kwenye benchi lililokuwa mlangoni. Analetewa kahawa, anaulizwa habari za mvua, za pamba, za jirani aliyeoa mke wa pili. Futi iko mfukoni, haitoki. Mimi mwanafunzi wa haraka haraka niliwahi kuitoa mapema, nikapigwa jicho mpaka nikairudisha mwenyewe. Mteja alipoondoka Mzee Kibwana akaniambia:

"Mtu akikaa mara ya kwanza, anakaa kama anapigwa picha. Mgongo umenyooka, magoti yamebana. Ukimpima hapo utampa kiti cha kupigia picha. Mwache mpaka asahau kwamba amekaa. Mabega yakishuka, mguu mmoja ukitangulia mbele, hapo ndipo mwili wake unasema kweli."

Nimeifuata kanuni hiyo maisha yangu yote na sijaona kosa ndani yake, isipokuwa moja: inakula muda. Wakulima waliokuja mjini wakiwa wameuza pamba hawakuiona shida. Wafugaji ndio kabisa. Kuna mzee mmoja wa ng'ombe alikuja asubuhi kuagiza kiti, akakaa kwenye lile benchi, akanywa kahawa, akasinzia, akaamka adhuhuri, akaaga. Nikamuuliza kiti je. Akasema hakihitaji tena, amekwisha kupumzika.

Halafu wakaanza kuja watu wa dhahabu. Hawa gari lao linabaki linaunguruma nje. Mmoja nilimpima amesimama mlangoni, simu sikioni, na mkono mwingine anaonyesha kwa ishara upana anaoutaka. Huyo aliagiza kitanda kikubwa kiasi kwamba tulipokifikisha kwake ilibidi fundi mwashi avunje ukuta pembeni ya mlango ili kiingie. Nilipokutana naye siku nyingine nikamuuliza kama analala vizuri. "Fundi, pale wanalala watoto," akasema. "Mimi nalala kwenye gari, karibu na mawe."

Msicheke haraka. Nimewauliza wengi wao nikaelewa. Mawe ya wachimbaji wadogo yanatoka duarani, yaani kwenye shimo, yakiwa kwenye viroba. Viroba vinakwenda karasha, kwenye mashine ya kusaga. Unga wa mawe unakwenda kuoshwa. Kila hatua ina mikono yake, na mwenye mali asipokuwepo, dhahabu inapungua njiani bila mtu yeyote kuonekana ameichukua. Ng'ombe humfichi mfukoni. Mwenye ng'ombe anaweza kumwachia mchungaji akaenda kwenye ngoma za mavuno. Mwenye dhahabu lazima awepo. Na akipata zaidi, akanunua karasha ya pili, anatakiwa awepo mahali pawili. Hapo ndipo nilipoona kwamba kuna mali inayokununulia muda na kuna mali inayokula muda wako, na kwa mbali zinafanana.

Wala msidhani naimba sifa za umaskini. Pamba ilipokosa bei nilikaa karakanani kiangazi kizima bila kazi. Muda nilikuwa nao wa kumwaga. Lakini anayesubiri kazi hapumziki, kila pikipiki ikipunguza mwendo anadhani ni mteja. Kiangazi kile nilikuwa mkali nyumbani kuliko wakati wowote, niligombana hata na kuku. Yule kijana wa kofia akiniona leo nimetulia asidhani nilizaliwa hivi.

Sasa Masanja.

Masanja ni mtoto wa Mzee Shija, mfugaji wa kijiji kilicho nje kidogo ya Shinyanga. Alikwenda Geita akiwa kijana, akachimba, akapata, akanunua karasha, akaongeza nyingine, akajenga nyumba Kalangalala, huko huko Geita. Hakuwa mlevi, wala mtu wa kujisikia. Alipoingia karakanani mara ya kwanza alinipa shikamoo ya heshima, nikaitika marahaba, na akakaa. Alikaa kweli, nikafurahi moyoni. Kisha simu ikaita akasimama.

Alipomaliza kuongea akaniambia shida yake akiwa amesimama hivyo hivyo. Macho ya baba yake yalikuwa yanafunga kidogo kidogo, na daktari alikuwa amesema hayatafunguka tena. "Mzee hajawahi kuniomba kitu," alisema. "Nimempelekea bati, amekubali kwa sababu nimepeleka. Safari hii ameomba mwenyewe. Anataka nikae naye kiangazi kimoja kwenye shikome. Ana maneno ya babu, ya tulikotoka, ya ukoo. Anasema anataka kuniambia wakati bado anaiona sura yangu."

Kwa wale mliozaliwa mjini: shikome ni ule moto wa jioni kwenye boma la Msukuma, unaowashwa kwa mavi makavu ya ng'ombe, wanaume wanakaa kuuzunguka mifugo ikisharudi. Moshi wake unafukuza mbu. Maneno yote ya maana ya nyumba yanasemwa pale, na ya kijinga pia.

"Nataka viti viwili," Masanja akasema. "Cha mzee na changu. Nikiwa na kiti changu pale, nitakaa."

Nikamwambia ni wazo zuri. Nililipenda hasa. Tukakubaliana mbao za mninga, na kikalio cha ngozi ya ng'ombe wa mzee mwenyewe, iliyokatwa kanda nyembamba na kusukwa. Kazi hiyo siku hizi haifanyiki, kwa hiyo nisikilizeni. Ngozi isuke ikiwa bado na unyevu, kisha iache ikaukie kivulini ikiwa imo kwenye fremu. Ikikauka inavuta, inabana viungo vyote vya kiti kuliko gundi yoyote ya dukani. Na baada ya hapo inajifunza mwili wa mtu. Mkaaji akikaa mwaka mmoja, ngozi inashuka pale alipo mzito na kubaki juu pale alipo mwepesi. Ukikalia kiti cha ngozi cha mtu mwingine unajua mara moja kwamba si chako.

Mzee Shija alikuja kupimwa. Masanja alikuwa amempeleka hospitali, akamwacha kwangu huku yeye akishughulikia mambo yake mjini. Mzee alikaa kwenye benchi, akauliza nina ng'ombe wangapi. Nikasema sina. Akanisikitikia kwa dhati, akaniuliza kama nimeugua. Nusu saa haikupita mabega yake yalikuwa yameshuka na mguu wa kulia umetangulia. Nikampima kwa raha.

Masanja alisema atarudi keshokutwa apimwe. Hakurudi. Akapiga simu: beringi ya karasha imekufa. Juma lililofuata akapiga tena: mawe mazuri yametoka, hawezi kuondoka. Halafu mchana mmoja likasimama gari lake pale nje, Land Cruiser ile yenye mlio wa kukohoa, akashuka mtu mwingine. Jina lake Luhende, dereva wake.

"Shikamoo fundi. Bosi amesema unipime mimi."

"Wewe kama nani?"

"Kama yeye. Tunalingana."

Nikampigia Masanja. "Fundi," akasema, na nyuma yake nasikia mashine zinasaga, "mimi na Luhende tunavaa suruali moja. Mpime tu. Kukaa nitakaa mwenyewe."

Ningekataa, nadhani. Lakini kiangazi kilikuwa kinakaribia, na yule mzee alikuwa amenifurahisha. Nikampa Luhende kahawa. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kicheko cha chinichini. Alikaa vizuri ajabu. Dakika chache tu benchi likawa lake. "Kazi kama hii," akasema, "ningeipata kila siku ningezeeka vizuri."

Masanja alitaka kuniongezea pesa nikimbize kazi. Nikakataa, maana haraka ilishaniunguza. Mwenye duka mmoja aliwahi kunishawishi nimtengenezee meza kwa mninga ambao haujakauka, nikakubali, na kabla ya Ramadhani kuisha meza ikapasuka katikati wageni wakiwa wanafuturu, uji ukamwagika kwenye kanzu ya shemeji yake. Mninga unaupanga kivulini, vipande vya miti katikati ya mbao upite upepo, vichwa vya mbao unavipaka rangi yoyote iliyobaki visipasuke, kisha unaendelea na maisha yako. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi niliyokuwa naipenda. Mbao zikikauka, nilikuwa nakwenda barazani kwa Mzee Kibwana kucheza bao, na yeye akizeeka nikawa nampeleka msikitini kwa mkono. Kila nikipigiwa hesabu ya Geita na rafiki zangu, nilikuwa najiuliza nani atampeleka. Kijana wa kofia, hilo ni nusu ya jibu lako.

Viti vikaisha. Luhende akavipeleka kwa mzee, na Masanja akamwagiza: kaa naye jioni hii, mimi naja Jumamosi. Jumamosi hakuja. Kiangazi kile kikaisha hivyo, Luhende akipeleka sukari, dawa za macho, sabuni, na akikaa jioni moja kabla ya kurudi Geita. Kilichofuata kikawa vivyo hivyo.

Luhende alikuwa akipita kwangu njiani kunywa chai. Mwanzoni alikuwa anacheka. "Fundi, siku hizi nalipwa kukaa. Wenzangu wanabeba viroba, mimi nabeba makalio." Baadaye hakucheka sana. "Mke wangu ananiuliza huyo mzee ana watoto au hana. Maana wa kwangu wanauliza baba yao yuko wapi, na baba yao yuko kwenye kiti kijijini kwa watu."

Siku nyingine aliniambia mzee ameanza kumsimulia yale maneno. Babu wa babu aliyevuka na ng'ombe wakati wa njaa. Ndugu wawili waliogombea kisima wakatengana. Luhende alikuwa amemkataza. "Nikamwambia, baba, hayo ni ya Masanja, yaweke. Akaniambia, nitamwambia tena akija. Wewe nishikie kwa muda."

"Na macho yake?" nikauliza.

"Anaona kidogo," Luhende akasema, akanywa chai yake.

Masanja mwenyewe alipita siku moja, amekuja mjini kununua vipuri. Nikamwambia, kwa sababu mimi mdomo wangu haujui kukaa, kwamba mzee anamsubiri. Akanijibu kwa ukali nisiouzoea kwake.

"Unadhani sitaki? Nikiondoka karasha zikasimama, wote wanaokula pale wanalala njaa. Dawa za mzee zinatoka wapi? Mshahara wa Luhende anayekaa naye unatoka wapi? Niambie fundi, nikae na nini?"

Nawaambia ukweli, mpaka leo sina jibu zuri. Nilibaki na randa mkononi namtazama. Alikuwa amekonda. Alikuwa mtu mwenye kila kitu anayeomba ruhusa kwangu, fundi wa viti, na mimi sikuwa na mamlaka ya kumpa. Akasema, "Duara hili likiisha tu, fundi," akaingia garini.

Duara halikuisha, lilizama. Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule, maji yakaingia kwenye mashimo yote ya upande wao, pampu zikashindwa. Mawe yakakosekana, karasha zikanyamaza. Mvua zilipokatika maji yalibaki mle chini. Masanja akanipigia simu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia bila mashine nyuma yake.

"Fundi, nakwenda kwa mzee. Nakaa kiangazi chote. Luhende anasema ngozi ya kiti changu imelegea. Twende wote uikaze."

Nilikuwa nimekwisha kuanza kuwaachia ninyi kazi, mikono imeanza kutetemeka, lakini nikaenda. Alikuja kunichukua peke yake, ile Land Cruiser anaiendesha mwenyewe. Luhende alikuwa amepewa likizo ndefu. "Nimemwambia aende kwa watoto wake," alisema. "Nimemkalisha sana." Njia nzima alikuwa anaongea. Aliniambia amenunua tochi kubwa, ili jioni amulike uso wake mwenyewe, mzee amwone vizuri, kwa kuwa Luhende alikuwa amemwambia bado anaona kidogo. Alifurahi kama mtoto anayekwenda sikukuu. Na mimi nilifurahi, nikasema moyoni, afadhali mvua.

Tulifika jua likiwa chini. Ng'ombe ndio kwanza wanaingia, watu wa nyumbani wakiwa huko zizini wakihangaika na ndama. Mzee Shija alikuwa kwenye kiti chake karibu na moto. Alikuwa amepungua sana, lakini kiti kilikuwa bado kinamkaa. Kiti cha pili kilikuwa kando yake, kitupu, ngozi imeshuka upande wa kushoto, maana Luhende alikuwa na tabia ya kuegemea kushoto.

Gari lilipozimwa mzee aligeuza kichwa upande wetu. Aligeuza tu kichwa. Macho yalibaki yanatazama pengine.

Nilimwashiria Masanja asikae kwanza, nikaze ngozi. Hakuniona. Alikwenda akakaa kwa taratibu kwenye kile kiti. Niliona alivyotafuta mahali pa kuweka mgongo asipapate. Tochi ilikuwa mkononi mwake. "Mwadila, baba," akasema kwa sauti ndogo, ile salamu ya jioni ya Kisukuma.

"Mwadila. Umechelewa leo, Luhende," mzee akasema. "Nimesikia gari lako tangu kule mtoni."

Masanja akafungua mdomo. Akanitazama mimi. Akainua tochi, akaiwasha, mwanga ukaanguka usoni pake mwenyewe, kisha akauhamishia taratibu kwa mzee. Mzee hakupepesa. Masanja akaizima akaiweka chini.

"Barabara mbaya, baba," akasema. "Nisamehe."

"Barabara," mzee akakubali. Akanyoosha mikono kwenye moto. Mimi nilikuwa nimesimama na begi langu la vifaa, sijui niliweke wapi.

"Ulimwambia Masanja nilivyokuagiza?"

"Kitu gani, baba?"

"Kwamba naona kidogo."

"Ndiyo," Masanja akasema. "Aliambiwa."

"Endelea kumwambia hivyo hivyo. Akijua yamefunga atakuja mbio. Na mtu anayekuja mbio hakai, anakuja na simu na daktari na kelele, kesho anaondoka. Mwache amalize shughuli zake. Atakuja akiwa ametulia."

Nimeona watu wakilia kwenye misiba, nimelia na mimi. Masanja hakulia. Alikuwa ameshika mikono ya kile kiti, na vidole vyake havikufika pale vilipopaswa kufika. Mninga ule niliukata mimi kwa vipimo vya mtu mwingine, na sikuwahi kuona kazi yangu ikinikosea vile. Nilimhurumia sana. Nilitaka aseme, ni mimi, baba, nimekuja. Nadhani hata yeye alitaka. Lakini angesema, mzee angejua kwamba wamekwisha kuchelewa wote wawili, na kwamba Luhende amekuwa akidanganya kwa agizo lake, na jioni ile ingekuwa ya maelezo. Akachagua kukaa.

"Wabeja, Luhende," mzee akasema. Ni asante kwa Kisukuma, na aliisema kama mtu anayemshukuru mtoto wa jirani. "Sasa tuendelee. Mara ya mwisho tulifikia wapi?"

Ng'ombe mmoja alikohoa zizini. Masanja hakujua walifikia wapi. Aliyejua alikuwa Geita, nyumbani kwake, na wanawe.

"Nimesahau, baba," akasema mwishowe. "Anza mwanzo."

Mzee akacheka kidogo. "Wewe hujawahi kusahau. Leo umechoka na njia." Akafikiri. "Mwanzo ni mbali, mwanangu, na mimi pumzi sina. Twende pale pale, wakiwa wamekwisha kuvuka na ng'ombe."

Akaendelea pale pale. Ngozi sikuikaza. Nilichukua begi langu nikaenda kukaa kwenye gari, nikamwacha Masanja akisikiliza habari za babu yake kuanzia katikati.